Nyumba ya Mji Mkongwe: kumfuata mwenyewe katika hati, mlango na boriti

Jina la nyumba ndilo la kwanza kumpotosha mtu. Mji Mkongwe wa Unguja umejaa nyumba zinazoitwa kwa majina ya watu, na mtaani jina likishakaa halitoki, hata kama mwenye jina aliuza, alifilisika, au alikuwa mpangaji tu wa ghorofa ya juu. Anayetaka kuandika historia ya nyumba alichukue jina kama fununu. Swali lake la kweli ni jingine: nani alilipia, nani alirithi, nani alikopa kwa dhamana ya nyumba hiyo, na nani alikabidhiwa ufunguo.

Chukua jengo la Zahanati ya Ithnasheri pale Mizingani, lile lenye roshani za mbao zilizochongwa kama kamba za lesi. Jiwe la msingi liliwekwa 1887 na Tharia Topan, tajiri wa Kihindi, kwa heshima ya miaka 50 ya utawala wa Malkia Victoria. Tharia alifariki 1891, jengo likamalizika 1894. Mwaka 1900 lilinunuliwa na wakfu wa Haji Nasser Nurmohamed, na hapo ndipo zahanati ilipoingia ghorofa ya chini. Baada ya Mapinduzi likawa mikononi mwa serikali, likachakaa vibaya, hadi taasisi ya Aga Khan ilipolichukua na kulitengeneza miaka ya 1990. Kwa hiyo aliyelianza hakuliona limekwisha, na jina linalotumiwa na kila mtu limetokana na matumizi ya mwenyewe aliyekuja baadaye. Ukiandika tu kwamba lilijengwa kuwa zahanati, umewaruka wenyewe wawili tangu mstari wa kwanza.

Mambo Msiige, kule Shangani, ina mnyororo mrefu zaidi. Aliijenga Salim bin Bushir al-Harthi kati ya 1847 na 1850, na jina lenyewe ni tambo: mambo haya msiyaige. Kuanzia 1864 walikaa wamisionari wa Kianglikana, kuanzia 1874 hadi 1913 ikawa konseli (ubalozi mdogo) ya Uingereza, kutoka 1918 hadi 1924 hospitali ya Wazungu, kisha ofisi za serikali, na leo ni sehemu ya hoteli. Husimuliwa kwamba chokaa yake ilichanganywa na mayai na kwamba watumwa walizikwa hai ndani ya kuta. Simulizi ya namna hiyo usiitupe, wala usiiandike kama tukio lililothibitika. Iandike kama simulizi: nani kaisema, mwaka gani, naye kaisikia kwa nani. Inaeleza vizuri sana mji ulivyoutazama utajiri uliotokana na watumwa, na hilo nalo ni historia ya nyumba.

Sasa hati. Kosa la kawaida ni kuanzia kwa mjenzi na kushuka kuja leo. Anzia leo urudi nyuma. Hati ya karibuni hutaja iliyotangulia, na kila muuzaji alilazimika kueleza alivyoipata nyumba: kwa kununua, kwa kurithi, au kwa kupewa. Hati zimetawanyika. Nyingine zimo Nyaraka za Taifa pale Kilimani, nyingine kwenye ofisi za usajili, nyingine Kamisheni ya Wakfu, na nyingi zaidi kuliko watu wanavyodhani zimo kwenye sanduku chini ya kitanda cha bibi. Karne ya 19 Wahindi waliokuwa chini ya ulinzi wa Uingereza waliandikisha mikataba yao kwa konseli, kwa hiyo nyumba iliyopita mkononi mwa Mhindi ina nafasi nzuri ya kuonekana huko hata kama hati ya Kiarabu imepotea. Hati ya sanduku usiibebe kwenda kutoa nakala mtaani. Karatasi ya zamani iliyokunjwa mara nne hukatikia kwenye mikunjo. Ipige picha palepale, mchana, karibu na dirisha, pande zote mbili, maana mgongoni ndipo mara nyingi panapoandikwa malipo ya mwisho na majina ya mashahidi.

Tarehe itakuwa ya Hijria. Kuna hesabu ya haraka: zidisha mwaka kwa 0.97, kisha jumlisha 622. Mwaka 1300 unakupa 1261 na 622, yaani 1883. Hesabu hii inaweza kukosea kwa mwaka mmoja, kwa sababu mwaka wa Hijria huanza popote ndani ya mwaka wa Miladi. 1300 ulianza Novemba 1882. Ukiwa na mwezi, tumia jedwali la kulinganisha tarehe usikisie.

Sarafu nayo ni kalenda. Bei ikiwa kwa riale, zile za fedha zenye sura ya Maria Theresa, uko katika karne ya 19. Ikiwa kwa rupia, kuna uwezekano mkubwa uko kati ya miongo ya mwisho ya karne hiyo na 1935. Shilingi ya Afrika Mashariki iliingia Zanzibar mwanzoni mwa 1936, rupia moja kwa shilingi moja na nusu. Hati iliyoandikwa tarehe ya 1920 lakini bei yake ni shilingi, isimamishe: ama ni nakala ya baadaye, ama tarehe imesomwa vibaya.

Mipaka haitajwi kwa namba ya kiwanja. Hutajwa kwa pande nne na majirani: upande wa kibla nyumba ya fulani, upande wa suheli njia, matlai (mashariki) msikiti, magharibi kiambaza cha fulani binti fulani. Makka iko karibu kaskazini kamili ya Unguja, kwa hiyo kibla ni kaskazini, na suheli, nyota ile ya mabaharia, ni kusini. Simama mlangoni na dira mkononi, soma hati, uone kama mtaa unakubali. Vipimo ni vya dhiraa, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, karibu sentimita 46. Nyumba ya dhiraa 20 kwa 12 ni kama mita 9 kwa 5 na nusu. Ukipima leo ukapata mita 14, usiseme mwandishi alikosea. Tafuta mahali nyumba mbili zilipounganishwa. Hapo majirani wa kwenye hati wanakusaidia tena: hati ya jirani hutaja mwenye nyumba yako kama mpaka wake, na mara nyingi hilo ndilo jina ulilokuwa ukilikosa.

Majina yatafute kwa maandishi yote. Harthi, Harthy na Hirthi ni ukoo mmoja. Mtu mmoja anaweza kuwa na jina la ukoo kwenye hati ya kadhi, jina la biashara kwenye daftari la mkopeshaji lililoandikwa Kigujarati, na lakabu mtaani. Wanawake je? Mtaa hukumbuka “nyumba ya mzee fulani”, lakini ukifungua hati unamkuta binti fulani ndiye mwenyewe na mzee alikuwa mume tu. Sheria ya Kiislamu ilimpa mwanamke mali yake mkononi mwake, na wanawake wa mji huu waliitumia haki hiyo: walinunua, waliuza, waliweka wakfu. Historia nyingi za nyumba zimewafuta kwa sababu mwandishi hakusoma zaidi ya mstari wa pili.

Hati inayokosesha watu wengi zaidi ni ile ya bei khiyari. Ukiisoma harakaharaka inasema fulani ameuza nyumba yake kwa riale kadhaa kwa mfanyabiashara wa Kihindi, na ukidhani umiliki umehama hapo, mnyororo wako wote unapinda. Soma hadi mwisho. Muuzaji amebaki na khiyari, yaani haki ya kurudisha fedha ndani ya muda fulani na kuichukua nyumba yake. Mara nyingi siku ileile imeandikwa karatasi ya pili: mnunuzi anampangisha muuzaji nyumba hiyohiyo kwa kodi ya kila mwezi. Muuzaji hakuhama hata siku moja. Huo ni mkopo, nyumba ni rahani, na kodi imekaa mahali pa riba iliyoharamishwa. Kwa hiyo tafuta karatasi ya tatu. Ikiwa ni ya kurudisha fedha, nyumba haikutoka kwenye ukoo. Ikiwa ni ya kukata khiyari, hapo ndipo nyumba ilipohama kweli, pengine miaka mingi baada ya tarehe uliyoiandika. Ukikuta hati za namna hii tatu au nne ndani ya muda mfupi juu ya nyumba moja, tazama bei ya karafuu ya miaka hiyo na msimu ulivyokwenda. Nyumba za mjini na mashamba ya karafuu zilikuwa mfuko mmoja. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na mwenye shamba lililoanguka alikuwa na nyumba ya mjini tu ya kuwekea rahani.

Mirathi ndiyo sura nyingine inayohitaji kalamu na subira. Tuseme mwenye nyumba amekufa akaacha mke, watoto wawili wa kiume na binti mmoja. Mke ana thumuni (moja ya nane), kilichobaki kinagawanywa mwanamume fungu mbili za mwanamke. Fanya nyumba mafungu 40: mke 5, kila kijana 14, binti 7. Miaka michache baadaye binti anafariki, ameacha mume, mama yake na mtoto mmoja wa kiume. Mafungu yake 7 yanagawanywa tena: mume robo, mama sudusi (moja ya sita), kinachobaki ni cha mtoto. Sasa hesabu haikai tena kwenye 40. Inabidi nyumba iwe mafungu 480: mama 74, vijana 168 kila mmoja, mume wa marehemu 21, mjukuu 49. Vifo viwili tu, na nyumba ya vyumba sita tayari ina wenyewe watano wa nyumba tatu tofauti, mmojawapo mkwe ambaye huenda ameshaoa kwingine. Vizazi vitatu bila kugawa wala kuuziana, na hakuna awezaye kuikarabati kwa sababu hakuna awezaye kuamua. Ukiona jengo zuri linaloporomoka katikati ya majengo yaliyopakwa rangi, sababu mara nyingi ni hii kuliko umasikini. Chora mti wa ukoo, andika mafungu kando ya kila jina, na kila kifo kitie tarehe, kwa sababu mpangilio wa vifo hubadilisha mafungu: binti aliyekufa kabla ya baba yake hakurithi kitu. Ukikuta wenyewe ni Mabaniani, yaani Wahindu, weka hesabu hii kando, maana hao hawakurithishana kwa faraidhi, hesabu ya mirathi ya Kiislamu.

Wakfu nao una namna mbili, na zisichanganywe. Wakfu wa khairi ni wa msikiti, wa madrasa, wa maskini. Wakfu wa dhuria ni wa kizazi cha mwenyewe: wanakaa au wanakula kodi, lakini hawauzi. Zipo wakfu ambazo matajiri wa karne ya 19 waliziandikia watumwa waliowaacha huru na kizazi chao, na hizo ni hati za thamani kubwa, kwa kuwa mara nyingi ndizo karatasi pekee zinazotaja watu hao kwa majina. Ukikuta neno wakfu katika hati ya kale na hati ya kuuza baada yake, usipite. Ama kuna hukumu ya kadhi katikati, ama kuna jambo halikwenda sawa.

Karatasi zikikatika, ukuta unaendelea kusema. Lakini usianze na mlango, ingawa ndio unaopigwa picha na kila mgeni. Milango ya Unguja imehama sana: iling'olewa, iliuzwa, iliwekwa nyumba nyingine, na hata ilipelekwa ng'ambo. Tarehe iliyochongwa kwenye kizingiti cha juu ni tarehe ya mlango. Angalia kwanza kama miimo imekaa vizuri ukutani au pembeni kuna saruji ya kujazia. Angalia kama mfaa, ule mti wa kati mabawa yanapokutana, ni wa mbao ileile ya mabawa. Kizingiti kilichonyooka kwa kawaida ni cha zamani zaidi. Kile cha nusu duara, chenye maua mengi, kilishika sana mwishoni mwa karne ya 19 kwa mkono wa mafundi wa Kihindi.

Pima unene wa kila ukuta, uuandike kwenye mchoro. Ukuta wa asili, wa mawe ya matumbawe na chokaa, ni sentimita 50 hadi 60. Ukuta wa sentimita 15 au 20 ni tofali za saruji, na ndio mpaka wa familia mbili zilizogawana ukumbi, mara nyingi baada ya 1964. Upana wa chumba hauzidi sana mita 3, kwa sababu boriti ya mkoko haiwezi kuvuka zaidi ya hapo. Ukikuta chumba cha mita 5, tazama juu: kuna mhimili wa chuma, au ukuta wa kati umebomolewa, na hilo la pili ni la hatari. Boriti zikibadilisha mwelekeo katikati ya nyumba, umepata mshono wa nyumba mbili. Mabati juu ya paa la chokaa lililokuwa bapa ni nyongeza ya baadaye. Picha za zamani za wapiga picha Gomes na Coutinho, zilizouzwa kama kadi za posta, husaidia hapa. Hesabu madirisha kwenye picha, hesabu yaliyopo, na ghorofa iliyoongezwa inajitokeza yenyewe.

Ndani, pahali pasipo na nakshi, kwangua kipande cha sentimita 5 kwa 5 kwa wembe, polepole. Utakuta tabaka za chokaa nyeupe, pengine nili, kisha rangi ya mafuta, kisha rangi ya plastiki. Ukifika saruji kabla ya chokaa, ukuta huo unaumwa. Matumbawe yana chumvi na hunyonya maji kutoka ardhini, na chokaa huyaachia maji yatoke. Saruji huyafungia. Maji hupanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, chumvi huganda nyuma ya lipu, na baada ya misimu michache lipu hutoka vipande vikubwa vikiwa vimeshika jiwe. Mwenye nyumba huona hivyo, huongeza saruji. Wanaofanya hivyo wanaipenda nyumba yao. Saruji inapatikana kila duka, na chokaa iliyozimwa ikakaa wiki kadhaa haipatikani kirahisi, hilo tu.

Boriti zenyewe huoza kwenye kichwa, kule kulikoingia ukutani, katikati zikiwa nzima. Chukua bisibisi, choma boriti pale inapokutana na ukuta, hasa chini ya bafu na chini ya tangi. Bisibisi ikizama sentimita 2 bila kusukuma kwa nguvu, wekea dari nguzo za kuitegemeza siku hiyohiyo. Tangi la lita 1,000 ni tani nzima, limewekwa juu ya paa ambalo fundi wa kwanza alilipigia hesabu ya watu wanaopunga upepo jioni na nguo zinazoanikwa. Kabla ya kubadilisha boriti hata moja, pitia Mamlaka ya Mji Mkongwe, iliyoanzishwa 1985, kwa ajili ya kibali. Nayo inaweza kuwa na faili la nyumba lenye michoro usiyoitarajia.

Kipindi cha baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ndicho kigumu kuandika, na wengi hukiruka kutoka 1963 hadi siku nyumba ilipouzwa upya. Ni aibu kukiruka. Nyumba za waliokimbia zilichukuliwa, familia kutoka shamba na Ng'ambo, ile sehemu ya mji iliyo nje ya Mji Mkongwe, zikaingizwa, chumba kwa chumba, na hao wamekaa humo muda mrefu kuliko wengi wa wale wenye majina kwenye hati. Karatasi zao ni ndogo: stakabadhi ya kodi, barua ya kupewa chumba, bili ya umeme. Zikusanye kwa heshima ileile unayoipa hati ya Kiarabu. Na ujue kwamba swali lako linatisha. Mtu akija na kalamu kuuliza “nyumba hii ya nani?”, mpangaji husikia “jiandae kutoka”. Sema mapema wewe ni nani na karatasi zako zinakwenda wapi. Kama umetumwa na mrithi wa ng'ambo, liseme hilo kwanza.

Kwa hiyo usiulize umiliki. Uliza maisha. Baada ya shikamoo na kahawa: “Bibi, mlipohamia mlimkuta nani juu? Kodi mkimpa nani? Maji mkiteka wapi? Jiko lilikuwa upande gani?” Tarehe usiziombe kwa namba. Zifunge kwenye mambo yaliyokuwa na kishindo: ilikuwa kabla au baada ya kuuawa Mzee Karume, Aprili 1972? Mtoto yupi alikuwa ameshazaliwa? Swali la kisima ndilo hufungua mengi. Nyumba nyingi zilikuwa na kisima ndani, na kilipozibwa kikawekwa sakafu juu yake. Bibi akikuonyesha kwa kidole pembe ya chumba kinachotumika leo kama stoo, gonga sakafu hapo kwa kisigino, kisha gonga pembe ya pili. Sauti ikitofautiana, tia alama kwenye mchoro, uandike jina la aliyekuonyesha na tarehe.